Kipande Kilichobaki Ng'ambo

Kwetu Ruaruke, mkubwa hanawi mkono kabla ya wengine kushiba. Hatukufundishwa kwa maneno. Ukila sinia moja na mkubwa wako, naye akaondoa mkono, na wewe unaondoa wa kwako, hata kama ndiyo kwanza umeanza. Kwa hiyo mkubwa mwenye adabu hubaki. Ameshiba zamani, lakini mkono wake unaendelea kutembea kwenye sinia, unabana punje mbili tatu za wali, unazirudisha, unagusa mchuzi, mpaka watoto watosheke. Mama yetu alikuwa hodari wa mchezo huo. Tulipokuwa wadogo tulidhani anakula kuliko sisi sote.

Nalitanguliza hili kwa sababu bila hilo mtu hataelewa jinsi dada yangu, aliyekwenda kukatwa tumbo ili apone, alivyokuja kuponzwa na sinia la mama yake mzazi.

Dada alikuwa na duka la kanga na vitenge Kibiti, si mbali na stendi. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Kamba wa delta walipata wanunuzi, mbao zikapata wanunuzi, daraja la Rufiji likaisha na mabasi ya Lindi yakaacha kulala kivukoni. Shemeji yangu, mumewe, alikuwa katika mbao. Mambo yao yakanyooka, na dada akanenepa. Hakuna aliyeona kasoro. Kwa watu wetu mwanamke kunona ni ushahidi kwamba anatunzwa, na mama kila alipotoka kumtembelea alirudi kijijini na maneno ya wiki nzima.

"Mwanangu kajaa," aliwaambia majirani. "Mkono wake mmoja ni mimi mzima."

Lakini unene wake haukuanzia Kibiti. Dada alipovunja ungo aliwekwa ndani kama walivyowekwa wenziwe, na mama akamlisha. Alikuwa na sababu yake. Yeye mwenyewe alikuwa mwali katika mwaka wa njaa, mpunga uliponyauka bondeni na watu wakaingia porini kuchimba ming'oko, mizizi ya mwituni inayoliwa wakati wa njaa. Siku ya kutolewa nje alikuwa mifupa mitupu, bibi zake wakamfunga kanga juu ya kanga ili aonekane ana umbo. Aliapa mwali wake hatatoka hivyo. Basi dada alikula wali wa nazi asubuhi, mchana na jioni, na kambale mnene, na uji wenye tui zito, na siku yake ilipofika mashavu yalikuwa yameanza kufunika macho. Mama aliisimulia habari hiyo kwenye kila arusi. Mimi nilikuwa mdogo, na kazi yangu katika miezi ile ilikuwa kukuna nazi. Nilikuna nazi nyingi.

Shuleni sikudumu. Nilipofika darasa la tano niliwafuata watu wa kamba Nyamisati, nikabeba barafu. Baadaye nikabeba magogo, baadaye nikawa utingo wa lori. Kila kazi niliiacha nikishajua inavyofanyika. Mama alisema nina funza miguuni. Dada alisema nina funza kichwani.

Safari moja nilirudi Kibiti nikamkuta amelala dukani saa sita mchana. Alikuwa amekaa kitini, mita ya kupimia imening'inia shingoni, na mteja amesimama mbele yake na kitenge mkononi. Dada alikoroma, kisha mkoromo ukakatika, na pumzi nayo ikakatika. Mteja akanitazama. Tukangoja. Ghafla dada akashtuka kama mtu aliyevutwa kutoka majini, akameza hewa, akasema, "Yadi ngapi?"

"Huwa hivi huyu mama?" mteja akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Kachoka tu," nikasema.

Nilikaa naye siku kadhaa nikaona mengine. Alikuwa na sukari, na juu ya kisigino chake kulikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Hakuweza kuinama kukiosha. Wakati wa kutia udhu msichana wa kazi ndiye aliyemmwagia maji miguuni, na dada alitazama pembeni kama anayevuliwa nguo. Aliswali ameketi. Akitaka kwenda Ruaruke, pikapu ilimpa kiti cha mbele peke yake, na vijana wa stendi walimsukuma mgongoni apande. Utingo mmoja alimwambia, "Mama, nikuandike abiria au mzigo?" Watu wakacheka. Dada naye alicheka, tena kuliko wote. Nilimjua. Akicheka hivyo anakuwa ameumia.

Usidhani hakujaribu. Alikunywa ndimu na maji ya moto mpaka meno yakafa ganzi. Alifunga Jumatatu na Alhamisi. Alimeza vidonge vilivyoletwa na wachuuzi kutoka Dar, vikamfanya moyo umpige kama ngoma. Kila mara alipungua kidogo, na kila mara mwili ulirudi na kuongeza juu yake. Mwisho daktari mmoja wa Dar akamwambia bila kuzunguka kwamba kisigino kile kitaondoka na mguu, na mguu hautakuwa wa mwisho. Akamweleza kwamba India wapo mabingwa wanaopunguza tumbo la chakula kwa upasuaji, na kwamba kwa mtu wa uzito wake hiyo ni tiba, si urembo.

Walijadiliana yeye na shemeji barazani, mimi nikisikiliza.

"Mimi nina mzigo msituni," shemeji alisema. "Nani atakusindikiza?"

"Huyu. Hana anachokiacha."

"Na akipotea huko?"

"Hapotei. Mtu anayeuliza maswali kama huyu atapoteaje?"

Kisha, shemeji alipoingia ndani, dada akanishika mkono. "Mama ajue nimekwenda kutibiwa sukari, basi. Ukimwambia natolewa tumbo, atajua ni chakula chake kimetolewa. Atajiona yeye ndiye aliyeniua."

Nikakubali kunyamaza, na kunyamaza sikukujua kamwe.

Hospitali ilikuwa katika mji wa kusini mwa India, wenye joto kama la kwetu na kunguru wengi zaidi. Walikuwa na mkalimani wa wagonjwa wanaotoka Afrika Mashariki, bibi wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alituita wanangu. Kupitia kwake daktari alimwambia dada neno ambalo hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote.

"Anasema wewe si mlafi," bibi alitafsiri. "Anasema haya ni maradhi. Mwili ukishafika unene huu unaulinda, mama, kama vile unavyolinda roho. Ukipunguza chakula, wenyewe unadhani njaa imeingia nchini. Unakupa hamu maradufu na kuweka akiba kila tonge. Watu wanakuambia ujizuie, lakini unapigana na mwili wako mwenyewe, nao haulali."

Dada aliinamisha kichwa akalia. Mimi niliwaza ming'oko. Niliwaza kwamba njaa ya mama ilikuwa imeingia katika mwili wa binti yake na kukaa humo, na kwamba mimi niliikunia nazi.

Kabla ya upasuaji alinyweshwa vitu vya maji tu kwa majuma mawili, ini lisinyae na kuwapisha mabingwa. Alikuwa akivumilia. Mimi nilishindwa. Nje ya lango palikuwa na mtu akikaanga mkate mwembamba wa mchele, mrefu kama mkono, anaujaza viazi vyenye manjano. Nilikuwa nikisema naenda kununua vocha, nakula wawili nimesimama, nafuta mdomo, narudi. Siku ya tatu dada akasema, bila kunitazama, "Vocha za huku zina bizari."

"Samahani, dada."

"Kula. Njoo tu unihadithie."

Basi nikawa namhadithia, akifumba macho. Sijui kama ilikuwa huruma au ukatili. Mpaka leo nikila kitu kizuri peke yangu huhisi kuna mtu kitandani amefumba macho ananisubiri.

Siku ya upasuaji daktari alitoka akaniita koridoni. Muuguzi alishika trei ya chuma. Juu yake palilala kitu kirefu, cha rangi ya waridi iliyopauka, kama mfuko wa ngozi uliomwagwa maji.

"Hii ndiyo sehemu kubwa ya tumbo lake," bibi mkalimani akasema. "Anataka uone kwamba kazi imefanyika salama. Lililobaki ni dogo, jembamba kama ndizi."

Nikaanza kuuliza. Niliuliza wamepitia wapi, nikaambiwa matundu madogo tu, na kamera ndani. Niliuliza kama litakua tena, nikaambiwa likilazimishwa hutanuka. Niliuliza kama katika kile kipande ndimo njaa inamokaa. Daktari akacheka, akasema sikukosea sana, kwani sehemu ile ya juu ndiyo hutoa kitu kinachopeleka habari ya njaa kichwani. Nilifurahi kama niliyefaulu mtihani. Kisha muuguzi akafunika trei kwa kitambaa cha kijani, akaondoka nayo, nami nikabaki nikimuuliza daktari kuhusu kamera.

Tulirudi na masharti. Samaki na mayai kwanza, wali mwisho kama nafasi ipo. Tonge dogo, litafunwe mpaka lipotee. Asinywe maji pamoja na chakula. Vidonge vya vitamini maisha yote. Nywele zingepukutika kwa miezi kadhaa, kisha zingeota. Bibi alimwonyesha kipimo kwa kikombe kidogo cha kahawa alichokuwa akinywea. "Hiki, mwanangu. Kikijaa, umeshiba. Usione haya."

Akapungua, tena haraka. Sukari ikashuka, kidonda cha kisigino kikafunga mdomo. Siku moja nilimkuta amechutama uani anajiosha miguu mwenyewe, polepole, kidole baada ya kidole, maji yamekwisha lakini bado anasugua. Niliondoka kimyakimya.

Ila Kibiti ya miaka ile ilikuwa na maelezo mamoja tu kwa mtu anayepungua haraka. Kila mji wa barabarani ulikuwa umezika watu. Wateja waliokuwa wakikaa dukani kupiga soga wakawa wananunua wamesimama. Mmoja alichukua chenji kwa ncha za vidole. Dada angeweza kuwaambia kweli, lakini kweli ingefika Ruaruke kabla ya jua kuchwa. Akanyamaza, na ile habari nyingine ndiyo ikafika.

Mama alipewa pole na jirani, akiwa anapeta mchele. "Pole kwa mwanao," jirani alisema. "Mungu amfanyie wepesi." Mama alimaliza kupeta, akatuma mtu Kibiti: mpunga mpya unavunwa, nawataka wanangu wote wawili nyumbani.

Twende, dada akasema. Alikuwa anajua anachoitiwa.

Nyumbani, tangu baba afe, tulikula sinia moja, mama na wanawe. Mama alipika kama anayezima moto. Na ana tabia moja, ya wenyeji wote wa kwetu: kitoweo kikishawekwa katikati, mwenye nyumba humvunjia mgeni wake kipande kinono na kukisogeza upande wake. Mbele ya dada palikuwa na kilima. Tumbo la perege, kichwa cha kambale, wali uliokolea tui. Dada alikula kilicholingana na kikombe cha kahawa, kisha akabaki na mkono kwenye sinia, anabana punje na kuzirudisha, kama mama alivyofanya zamani. Mama akiinuka kufuata maji, mimi nilivamia kile kilima kwa matonge makubwa. Akirudi, kimepungua.

"Ndiyo hivyo, mwanangu," alimwambia dada kwa upole. "Kula. Mtu akila haogopi kitu."

Mchezo huo tuliucheza kwa siku nyingi. Dada aliendelea kukonda na mimi nikaanza kutoa kitambi. Jirani, yule wa pole, alinisimamisha njiani akanitazama juu hadi chini.

"Dada anasinyaa, kaka anajaa. Mmehamishiana?"

"Hewa ya nyumbani hii, shangazi."

"Hewa." Akaguna. "Angalia isije ikarudishwa."

Nilicheka, lakini usiku ule na siku zilizofuata chakula hakikunipendeza. Kila tonge lilikuwa la mtu mwingine, na ubaya ni kwamba lilikuwa tamu.

Siku ya wali mpya ndipo mchezo ulipoisha. Kwetu, wali wa mavuno ya kwanza tonge la kwanza hulitoa mama kwa mkono wake na kukutia mdomoni, uwe mtoto au uwe na mvi. Mimi alinipa langu. Kisha akafinyanga la dada. Alilifinyanga kwa muda mrefu, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalichovya mchuzi, akaliongeza, akalinyanyua.

"Kama ni ule ugonjwa," alisema, "niambie tu. Nitakulisha vilevile. Sitatenga chombo chako."

Dada alitaka kusema. Nilimwona. Lakini kusema kungemfanya mama aondoe mkono ule ukiwa umejaa, na hilo hakuliweza. Akafumbua mdomo. Mama akalitia lote. Nalo ni wali mpya, wenye nata, na mdomo umejaa, na mama anamtazama akisubiri. Dada akalimeza bila kulitafuna.

Sikuona taya likitembea hata mara moja, nikajua litakwama. Uso ulikuwa wa kijivu kabla hajashika kifua. Mate yakamjaa mdomoni, mengi, mazito, akainuka akatoka uani akijishika ukutani. Tulimkuta nyuma ya jiko amepiga magoti, anatoka udenda, anajikunja, tonge halipandi wala halishuki. Mama alianza kuita watu watafute gari la kumpeleka hospitali ya Utete.

"Subiri, mama," nikasema. "Limekwama. Litatoka."

"Wewe unajuaje?"

Likatoka. Dada alibaki amepiga magoti, anahema, na mama amemshika paji la uso kama tulivyokuwa tukishikwa utotoni. Alipopata sauti alifungua kanga yake, akainua blauzi, akamwonyesha. Makovu madogo, kama ya tetekuwanga, yametawanyika tumboni. Mama akayagusa kwa kidole kimoja kimoja.

"Si ule ugonjwa, mama. Wamenikata tumbo la chakula. Wamelipunguza ili nisife."

"Ufe kwa nini?"

"Kwa unene. Kwa sukari. Mguu ulikuwa unaondoka."

Mama alikaa chini pale pale, kwenye maganda ya nazi. "Kwa chakula changu," alisema.

"Si chakula chako. Ni maradhi."

Nami nikaingilia na maneno yote ya daktari, jinsi mwili unavyolinda unene, jinsi unavyoogopa njaa hata kama ghala limejaa. Mama alinisikiliza kidogo.

"Wewe nyamaza," alisema. "Wewe umekula."

Kuku walikuja kudonoa kilichotapikwa. Mama aliwatazama bila kuwafukuza. Kisha akauliza swali ambalo mimi, muulizaji mkubwa, sikuliuliza kule.

"Hicho walichokata kiko wapi?"

Dada akashusha blauzi.

"Nawauliza. Kiko wapi?"

"Nilikiona," nikasema. "Walinionyesha kwenye trei."

"Ukakiona. Ukakiacha?"

Lazima nieleze. Nyuma ya nyumba yetu upo mnazi ambao chini yake kimezikwa kitovu cha dada, na mwingine wenye kitovu changu. Baba alipokatwa kidole na mashine ya kukoboa, kidole kilioshwa, kikavishwa kitambaa cheupe, kikazikwa, na baba akiwa hai alikuwa akipita pale anasalimia kwa utani. Kwetu hakuna kinachotoka katika mtu kikatupwa. Aliyemsindikiza mgonjwa ndiye mwenye kazi hiyo. Shemeji hakuwepo, mama hakuwepo, nilikuwepo mimi, na nilikuwa nikiuliza habari za kamera.

"Wamekifanyaje?" mama aliuliza.

"Sijui, mama."

Nilijua kwa kukisia, na baadaye nilimuuliza mganga wa zahanati akanihakikishia: vitu hivyo huchomwa moto. Hilo sijamwambia mama. Neno "moto" kwa kiungo cha mwanawe lingemkalia vibaya mno.

Hakutugombeza. Ingekuwa afadhali. Aliinuka, akamwosha dada uso, akamlaza, akafunika sinia la wali mpya likiwa karibu zima, na jioni akalitoa kwa majirani.

Asubuhi dada alikaa kizingitini anachana nywele. Zilikuwa zikitoka kwa mafungu wakati ule, kama tulivyoambiwa. Mama alikuja akachutama nyuma yake, akachukua kitana.

"Hizi nazo ni za kule?"

"Ndiyo, mama. Wamesema zitaota."

Mama alichana taratibu. Kila kilichotoka alikiweka kwenye pindo la kanga yake, hata unywele mmoja ulioangukia mchangani aliutafuta. Alipomaliza pindo lilikuwa limevimba kama yai. Akaniita kwa kidole, akanipa jembe, akanipeleka kwenye mnazi wa dada.

"Chimba."

Nikachimba.

"Ongeza. Usichimbe kama unayefukia kinyesi."

Nikaongeza mpaka nikakuta mizizi. Mama akazifunga nywele katika kitambaa cheupe, akazishusha kwa mikono miwili, akasoma Fatiha kwa sauti ndogo. Mimi nilifukia. Dada alisimama kando, mkono juu ya tumbo.

"Kile cha ng'ambo kitajua kwao ni wapi," mama alisema, akaenda kuwasha jiko.

Siku ile alipika kambale mmoja, akamchambua miba yote, akamponda laini kwenye kikombe cha kahawa ambacho baba alikuwa akinywea. Dada alikuwa amemweleza kuhusu kikombe. Akakiweka kwenye sinia, upande wa dada, na wali wetu kidogo upande mwingine. Dada alikula kikombe chake, taratibu, bila kujificha, kwa mara ya kwanza tangu tufike. Kisha akaondoa mkono akanawa.

Na mama akanawa.

Hakuwa amekula hata matonge matano. Nami, mdogo wao wote, ikabidi ninawe. Tukakaa tunatazamana juu ya sinia lenye wali.

Kesho yake vilevile. Na siku iliyofuata. Dada akimaliza, mama anamaliza. "Sitakula mbele ya mwanangu asiyeweza kula," alisema nilipomuuliza. Mimi niliweza kujipenyeza jikoni baadaye na kukwangua ukoko, nilikuwa nimezoea dhambi za namna hiyo. Mama hakujipenyeza popote. Baada ya majuma mawili mifupa ya bega ilimtoka, kanga ikawa inamteleza, na jirani akaja na pole nyingine.

"Sasa ninakuua wewe," dada alimwambia.

"Mimi nimezoea. Nilichimba ming'oko."

Dada hakubishana. Mchana ule alikula kikombe chake mpaka kikaisha. Mama akaanza kuvuta kata ya maji. Lakini dada hakunawa. Alipeleka mkono kwenye wali, akabana punje mbili tatu, akazirudisha. Akagusa mchuzi. Akabana tena. Mama alimtazama yule mkono, na mimi nilimtazama mama. Alijua hauchukui kitu. Aliufahamu mkono ule kuliko mtu yeyote, ulikuwa wake.

Akaiacha kata. Akafinyanga tonge, akala. Akafinyanga jingine.

"Mkubwa bado anakula," dada aliniambia mimi, ingawa mkubwa pale alikuwa mama. "Unangoja nini?"

Nikala. Mkono wa dada uliendelea kutembea kwenye sinia mpaka mama akashiba, na ilichukua muda mrefu, kwa maana mama alikuwa na njaa.